Nusu ya Siku: Uhakiki wa Lugha ya Vipimo vya Sonona na Mtazamo wa Kibiolojia katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kupima sonona kwa Kiswahili na uhusiano wake na mtazamo wa kibiolojia katika saikolojia tiba. Mijadala mingi kuhusu suala hili imejikita katika uteuzi wa istilahi, hasa jina la ugonjwa wenyewe. Makala yanatetea hoja kwamba athari kubwa zaidi hutokana na sarufi: nafasi ya mgonjwa katika sentensi, kiambishi cha kujirejelea -ji-, upana wa maana wa vitenzi vya mwili, namna ya kujibu swali kanushi na nomino zisizobadilika umbo katika umoja na wingi. Baada ya kurejelea maandishi ya J. C. Carothers kuhusu wagonjwa wa Nairobi, makala yanachambua aina za vipengele vinavyopatikana katika hojaji zinazotumika leo, na kuonyesha jinsi sentensi moja inavyoweza kuficha dalili ambazo mtazamo wa kibiolojia unazihesabu kuwa za msingi.

1.0 Utangulizi

Hadi sasa hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotumiwa hospitalini kuthibitisha kwamba mtu fulani ana sonona. Vipimo vya maabara huagizwa kwa sababu nyingine: kuangalia kama uchovu wa mgonjwa unatokana na upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingo, malaria, au maambukizi mengine. Vikishaondolewa visababishi hivyo, kinachobaki mezani ni maneno. Mgonjwa anaulizwa, anajibu, na majibu yake yanageuzwa kuwa tarakimu. Hata daktari anayeamini kwa dhati kwamba chanzo cha sonona kimo katika kemia ya ubongo hana njia ya kuufikia ubongo huo isipokuwa kupitia sentensi.

Hali hii inaifanya tathmini katika saikolojia tiba kuwa uwanja halali wa isimu. Hata hivyo, mchango wa wanaisimu wa Kiswahili katika uwanja huu umeelekea kuishia kwenye msamiati. Swali ambalo limeulizwa mara kwa mara ni jina gani litumike: sonona, unyogovu, mfadhaiko, au huzuni kali. Swali hilo lina umuhimu wake. Mfadhaiko unatokana na kitenzi fadhaika, ambacho kinahusu zaidi kuvurugika na kupigwa na bumbuazi kuliko kudidimia. Sonona ina undugu na sononeka na sononesha, vitenzi vinavyobeba maumivu ya ndani yasiyopiga kelele. Lakini ikumbukwe kwamba mgonjwa anayejaza hojaji haulizwi kama ana sonona. Anaulizwa kama analala, anakula, anachoka, anajilaumu, na kwa muda gani. Jina la ugonjwa hutamkwa mwishoni, na mtu mwingine. Makala haya kwa hiyo yanaacha mjadala wa jina na kuchunguza maswali yanayotangulia jina.

2.0 Ubongo Uliohukumiwa kabla ya Lugha

Historia ya tathmini ya magonjwa ya akili Afrika Mashariki ina mfano mmoja usioweza kurukwa. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1951 alichapisha makala akidai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu za mbele za ubongo wake, na akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu hizo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo, ingawa alitaja pia malezi na utamaduni, aliendeleza maelezo hayo ya ubongo, na akashikilia kwamba sonona ni adimu miongoni mwa Waafrika na kwamba hisia ya hatia, ambayo tiba ya akili ya Ulaya iliihesabu kuwa kiini cha sonona, haionekani kwao ila kwa nadra.

Frantz Fanon alimjibu Carothers mwaka 1961, katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Jibu la Fanon lilikuwa la kisiasa: aliona kwamba sayansi hiyo ilikuwa mkono mmoja wa utawala wa kikoloni. Jibu hilo lilikuwa sahihi, na ukweli kwamba Carothers mwenyewe aliandika mwaka 1954 ripoti ya kisaikolojia kuhusu Mau Mau kwa ajili ya serikali ya koloni la Kenya unalitia nguvu.

Hata hivyo, kuna swali la kiisimu ambalo jibu la kisiasa haliligusi. Carothers alijuaje kwamba hatia haipo? Hatia haionekani katika damu wala katika mwendo wa mgonjwa. Hujulikana pale mtu anaposema neno, na msikilizaji akalitambua neno hilo kuwa ni la hatia. Vilevile, mtu mwenye huzuni hukaa kimya nyumbani. Anayefikishwa hospitalini kwa nguvu ni yule anayewasumbua wengine. Kwa hiyo madai ya uchache wa sonona yalitegemea mambo mawili: nani aliyefika mbele ya daktari, na maneno gani yalitambuliwa kuwa dalili. Carothers aliyavuka yote mawili na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Pengo la usikivu wa mpimaji likageuzwa kuwa upungufu wa kiungo cha anayepimwa.

Mfano huu haurejelewi hapa ili kuukataa mtazamo wa kibiolojia kwa jumla. Unarejelewa kwa sababu unaonyesha hatua ambayo kosa hutokea. Maelezo ya kibiolojia hufuata baada ya data, na data ya sonona ni data ya lugha. Data hiyo ikikosewa, maelezo ya ubongo yatakayojengwa juu yake yatakuwa na sura ya kisayansi na msingi wa makosa.

3.0 Kutoka Jicho la Daktari hadi Hojaji

Vipimo vinavyotumika leo vimetoka mbali na Carothers. Mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi aliripoti kwamba dawa ya imipramini inawasaidia wagonjwa wa sonona. Kupatikana kwa dawa kulizusha haja ya kupima mabadiliko: mgonjwa amepata nafuu kiasi gani baada ya kuitumia? Mwaka 1960 Max Hamilton, huko Leeds, Uingereza, alichapisha kipimo chenye vipengele 17 vinavyohesabiwa, ambacho hujazwa na daktari. Vipengele 3 kati ya hivyo vinahusu usingizi pekee: ugumu wa kuupata, kukatika kwake usiku, na kuamka mapema mno. Vingine vinahusu hamu ya chakula, uzito, nguvu za mwili na hamu ya tendo la ndoa. Hiki ni kipimo kilichouweka mwili mbele, na kilichokusudiwa kwa watu ambao tayari walikuwa wameshatambuliwa kuwa wagonjwa.

Hojaji zilizofuata zilihamisha kazi kutoka kwa daktari kwenda kwa mgonjwa mwenyewe au kwa mhudumu wa kawaida wa afya. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha hojaji ya maswali 20 ya ndiyo na hapana, inayojulikana kwa kifupisho SRQ-20. Mwaka 1987 ilichapishwa hojaji ya Edinburgh kwa ajili ya akina mama waliojifungua, yenye vipengele 10. Mwaka 2001 Kroenke na wenzake walichapisha uthibitisho wa PHQ-9, hojaji yenye vipengele 9 vinavyofuata vigezo vya mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili. Kila kipengele hupewa alama 0 hadi 3 kulingana na wingi wa siku ambazo mtu amesumbuliwa katika wiki 2 zilizopita; jumla ya juu ni 27, na alama 10 hutumiwa mara nyingi kuwa kizingiti cha kuhitaji uchunguzi zaidi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mhamo huu uliongeza uzito wa lugha. Hamilton alimtegemea daktari aliyeweza kuuliza tena, kufafanua na kuangalia uso. Hojaji haina uso mbele yake. Sentensi iliyochapishwa ndiyo daktari. Wakati huohuo maelezo ya kibiolojia yenyewe yamezidi kuwa na tahadhari: mapitio ya Moncrieff na wenzake ya mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Mapitio hayo yamezua mabishano, lakini hakuna upande katika mabishano hayo ambao unaweza kuendesha utafiti wake bila kwanza kuwatenga wenye sonona na wasio nayo. Kinachowatenga ni alama za maswali.

4.0 Sarufi ya Maumivu na Sarufi ya Hojaji

4.1 Kiima cha Maumivu

Vipengele vingi vya hojaji za Kiingereza humweka mtu katika nafasi ya kiima: yeye ndiye anayehisi, anayekosa hamu, anayejiona hana thamani. Kiswahili kinaweza kuunda sentensi za namna hiyo, lakini mzungumzaji akiachwa aeleze hali yake mara nyingi hutumia muundo mwingine. Husema "moyo unaniuma", "mawazo yamenizidi", "huzuni imenishika", "nimeingiwa na hofu", "amepatwa na majonzi". Katika sentensi hizi kiima ni kiungo cha mwili au ni hali yenyewe; mtu yupo kama yambwa kupitia kiambishi -ni-, au ni kiima cha kauli ya kutendwa, yaani mtu aliyefikiwa na jambo kutoka nje ya utashi wake.

Muundo huu hauhusu huzuni peke yake. "Kichwa kinaniuma" na "moyo unaniuma" zina umbo moja. "Ameshikwa na homa" na "ameshikwa na huzuni" vivyo hivyo. Sarufi haiweki mpaka kati ya maradhi ya mwili na maradhi ya akili. Methali isemayo heri kufa macho kuliko kufa moyo huilinganisha hali ya kukata tamaa na upofu kana kwamba yote mawili ni vifo vya viungo.

Wapo waliohitimisha kutokana na data ya aina hii kwamba Waafrika huhamishia huzuni mwilini, na kwamba kazi ya mpimaji ni kuyafasiri maumivu ya kichwa kuwa huzuni. Hitimisho hili lina kasoro mbili. Kwanza, linachukulia kwamba mgawanyo wa mwili na akili ni wa asili na kwamba Kiswahili kimeukosea, ilhali mgawanyo huo umo katika hojaji. Kiingereza chenyewe hakiko mbali na muundo huu: kipengele kimoja cha hojaji ya Edinburgh hutumia nahau inayoyafanya mambo kuwa kiima na mtu kuwa yule anayepandwa juu yake. Mtafsiri wa Kiswahili akikifikia kipengele hicho hupata "mambo yamenielemea" bila taabu, kwa kuwa hapo lugha mbili zimekutana. Pili, na hili lina uzito wa kitabibu, kichwa kinaweza kuwa kinauma kweli. Mama mjamzito asemaye mwili hauna nguvu anaweza kuwa na upungufu wa damu. Kuyachukua maneno ya mwili kuwa mafumbo ya huzuni ni kosa lilelile la kutomsikiliza msemaji, limegeuzwa upande tu. Mtazamo wa kibiolojia una kazi halali hapa: kuchunguza mwili kabla ya kuufasiri.

4.2 Kujisikia

Kipengele kimoja cha PHQ-9 huuliza kama mtu amekuwa akijihisi vibaya kuhusu nafsi yake, ameshindwa, au ameiangusha familia yake. Hiki ndicho kipengele cha hatia, kile ambacho Carothers alidai hakina wenyewe Afrika. Tafsiri iliyo karibu zaidi na umbo la Kiingereza ni "kujisikia vibaya". Lakini katika matumizi ya kila siku, "najisikia vibaya" humaanisha siko sawa kiafya: nina homa, kichefuchefu au kizunguzungu. Aidha, katika Kiswahili cha Tanzania "anajisikia", bila kijalizo, ni shutuma ya majivuno.

Mhojiwa mwenye malaria anaweza kukubali kipengele hiki kwa uaminifu kabisa, akahesabiwa kuwa na hatia. Mhojiwa mwenye hatia isiyo na homa anaweza kukikataa kwa uaminifu uleule. Dalili inayohesabiwa kuwa ya kiakili kuliko zote imegeuka kuwa ya kimwili kwa sababu ya mofimu moja, -ji-, iliyounganishwa na kitenzi ambacho tayari kina maana yake. Kiswahili hakikosi maneno ya hatia. "Kujilaumu", "kujutia", "kujiona hufai", "kuona umewaangusha watu wako" yote yapo na yanaeleweka. Kosa limetokana na kufuata umbo la lugha chanzi.

4.3 Kulala, Kuchoka na Hamu

Vitenzi vya mwili vinaonekana kuwa salama kwa mtafsiri kwa sababu kila lugha inavyo. Usalama huo ni wa juujuu. Kitenzi "lala" hujumuisha kujinyoosha kitandani, kuingia usingizini, na hata kukaa mahali usiku kucha, kama katika "alilala safarini". Mtu aulizwaye kama analala vibaya anaweza kufikiria godoro. Mtu asemaye "silali" anaweza kuwa mlinzi wa zamu ya usiku au mama wa mtoto mchanga. Tofauti ambayo Hamilton aliigawia vipengele vitatu, kati ya kuchelewa kupata usingizi, kukatika usingizi na kuamka mapema, haionyeshwi na kitenzi hiki. Huonyeshwa na nomino "usingizi" pamoja na vitenzi vyake: usingizi haupatikani, unakatika, unaisha alfajiri. Kiswahili kina zana za kutosha, ila haziko mahali ambapo mtafsiri wa neno kwa neno anazitafuta.

"Choka" nayo inabeba mambo mawili: uchovu wa misuli na kuchoshwa. "Nimechoka" baada ya kulima na "nimechoka" mbele ya ndoa ngumu zina umbo moja, na ni muktadha pekee unaozitenga. "Hamu" hutumika kwa chakula, kwa tendo la ndoa, kwa mtu aliye mbali na kwa shughuli. Kwa hiyo kipengele kinachouliza kupungua kwa hamu bila kutaja hamu ya nini hujibiwa kwa mujibu wa hamu inayomjia mhojiwa kwanza.

Hali huwa ngumu zaidi pale kipengele kimoja kinapounganisha pande mbili zinazopingana. PHQ-9 huweka pamoja kukosa usingizi na kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula na kula mno, kuwa mzito wa mwendo na kutotulia. Kwa msomaji wa vigezo vya kitabibu, kiunganishi "au" hapo humaanisha lolote kati ya haya. Kwa mhojiwa anayesomewa swali kwa sauti, "au" katika swali huelekea kumtaka achague. Akijibu "hapana, nalala sana", mhojaji ana neno "hapana" mbele yake na dalili nyuma yake.

4.4 Ndiyo na Hapana

Suala la hapo juu linafungua jingine. Katika Kiswahili, "ndiyo" inayojibu swali kanushi huthibitisha ukanushi. Akiulizwa "Hupati usingizi?", mzungumzaji aliyekulia katika lugha hii anaweza kujibu "Ndiyo", akimaanisha ndiyo, sipati. Mzungumzaji aliyezoea Kiingereza shuleni anaweza kujibu "Hapana", akimaanisha lilelile: hapana, sipati. Majibu mawili yanayopingana yanabeba taarifa moja, na jibu moja linaweza kubeba taarifa mbili zinazopingana.

Katika mazungumzo ya kawaida utata huu huondolewa mara moja, kwa sababu msemaji huongeza kitenzi. Hojaji ya ndiyo na hapana hukikata kitenzi hicho. Karatasi ina visanduku viwili tu. Ni kweli kwamba swali linaweza kuandikwa bila ukanushi, lakini sonona ni ugonjwa wa kukosa: kukosa usingizi, hamu, nguvu, matumaini. Mhojaji anayerahisisha swali kwa mdomo, jambo ambalo ni la kawaida mbele ya mgonjwa asiyeelewa, huangukia kwenye ukanushi bila kujua. Kitenzi "kosa" kinaweza kuzuia tatizo hili, kwa kuwa "umekosa usingizi?" ina maana ya upungufu bila umbo la ukanushi. Ni suluhisho jepesi, na linapatikana ndani ya sarufi yenyewe.

4.5 Nusu ya Siku

Mfano wa mwisho ndio wenye matokeo makubwa zaidi. Mizani ya majibu ya PHQ-9 ina ngazi nne: kutosumbuliwa kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, na karibu kila siku. Ngazi ya tatu ikitafsiriwa kwa ufupi hutoa "zaidi ya nusu ya siku". Nomino "siku" haibadiliki umbo kati ya umoja na wingi. "Nusu ya siku" kwa hiyo ina maana mbili: nusu ya idadi ya siku, au nusu ya siku moja, yaani kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Maana ya pili ndiyo inayomjia msikilizaji kwanza, kwa kuwa watu huzungumza kuhusu nusu siku ya kazi mara nyingi kuliko nusu ya siku za wiki mbili.

Athari yake ni hii. Katika aina ya sonona ambayo tiba ya akili imeihusisha kwa muda mrefu na vyanzo vya kibiolojia, mgonjwa huamka kabla ya alfajiri, huzuni humzidia asubuhi, na jioni hupata ahueni. Hamilton aliorodhesha mabadiliko hayo ya asubuhi na jioni katika kipimo chake, ingawa hakuyaingiza katika jumla ya vipengele 17, kwa kuwa aliona yanaonyesha aina ya ugonjwa zaidi ya ukali wake. Mgonjwa wa aina hii akisikia "zaidi ya nusu ya siku", atajipima kwa saa. Atajiambia kwamba hali humwachia kabla ya adhuhuri, na atachagua ngazi ya chini: siku kadhaa. Chukuliwe mfano wa mtu ambaye, kwa maana iliyokusudiwa, angepata alama 2 katika vipengele 5 na alama 1 katika vipengele 3. Jumla yake ni 13. Akishuka ngazi moja katika vile 5, jumla inakuwa 8. Amevuka kizingiti cha 10 kwenda chini, na huenda akarudishwa nyumbani.

Hivyo mgonjwa ambaye mtazamo wa kibiolojia ungemtambua kwa urahisi zaidi ndiye ambaye sentensi inamficha, na anafichwa na ngeli ya nomino. Hakuna istilahi ngumu katika sentensi hiyo. Mtoto wa shule ya msingi anayajua maneno yake yote. Kuandika "zaidi ya siku 7 kati ya siku hizo 14" kungeondoa utata wote.

5.0 Hoja ya Takwimu na Tafsiri Rejeshi

Uhakiki huu unaweza kupingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya takwimu: hojaji kadhaa zimejaribiwa katika eneo hili na kuonekana zinafanya kazi. Kaaya na wenzake (2002) walichunguza uhalali wa orodha ya dalili ya Hopkins kwa wajawazito wenye VVU nchini Tanzania. Monahan na wenzake (2009) walifanya hivyo kwa PHQ-9 miongoni mwa watu wazima wenye VVU magharibi mwa Kenya. Kazi hizi ni za thamani, na bila ya hizo mjadala wa sasa usingekuwa na mahali pa kuanzia. Lakini uhalali wa kipimo kizima ni wastani. Kipimo cha vipengele 9 kinaweza kufaulu kwa jumla huku vipengele viwili vikimpotosha mgonjwa wa aina moja kila mara. Takwimu hueleza ni wangapi waliokosewa. Uchanganuzi wa sentensi hueleza ni akina nani, na kwa nini.

Hoja ya pili ni kwamba utaratibu wa tafsiri rejeshi, uliopata umaarufu kutokana na kazi ya Brislin (1970), hugundua makosa ya namna hii. Mifano iliyotangulia inaonyesha kwamba mingi yake hupita bila kuonekana. Anayerejesha "zaidi ya nusu ya siku" katika Kiingereza ni mtu wa lugha mbili, aliyesoma, na mara nyingi anaifahamu mizani ya aina hiyo. Atarudisha maneno ya awali bila kusita, na nakala mbili zitalingana. "Kujisikia vibaya" nayo hurudi ilikotoka ikiwa salama. Tafsiri rejeshi hupima kama njia kati ya lugha mbili ipo wazi kwa mfasiri. Haipimi kama mtu wa lugha moja, ameketi kwenye benchi la zahanati, ameelewa kilichokusudiwa.

Njia nyingine ipo. Kaaya na wenzake (2008) waliripoti kuhusu hojaji yenye vipengele 19 iliyoundwa Tanzania kwa ajili ya kutambua sonona. Vilevile, mapitio ya Kaiser na wenzake (2015) yalionyesha kwamba usemi wa "kuwaza sana" unapatikana katika jamii nyingi duniani na kwamba haulingani kikamilifu na utambuzi wowote mmoja wa kitabibu. Matokeo hayo yana maana kwa Kiswahili, ambamo "ana mawazo" tayari ni taarifa ya taabu. Hojaji inayotumia neno "mawazo" kwa maana ya fikra tupu, kwa mfano inapouliza kuhusu mawazo ya kujidhuru, inaligusa neno ambalo mhojiwa alikwisha kulipa kazi nyingine.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba tathmini ya sonona kwa Kiswahili inaathiriwa na mambo ambayo orodha ya istilahi haiwezi kuyarekebisha. Jina la ugonjwa likikubaliwa kesho na mabaraza yote, "kujisikia vibaya" itaendelea kumaanisha homa, "ndiyo" itaendelea kuthibitisha ukanushi, na nusu ya siku itaendelea kuishia adhuhuri.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kila kipengele kijaribiwe kwa kumtaka mhojiwa wa lugha moja aeleze kwa maneno yake alichoulizwa, kabla alama yoyote haijahesabiwa. Na majaribio hayo yafanyike Tanga, Eldoret na Bukavu kila mahali peke yake, kwa kuwa matumizi ya vitenzi vya mwili hutofautiana. Pili, vipengele vyenye pande mbili vitenganishwe, na mizani ya muda itajwe kwa tarakimu. Tatu, dalili za mwili zirekodiwe kwa maneno ya mgonjwa pamoja na alama, ili daktari atakayesoma faili aweze kuamua kama "mwili hauna nguvu" ni suala la damu, la sonona, au la vyote viwili.

Kazi hii haiwezi kufanywa na wataalamu wa tiba peke yao, wala na wanaisimu peke yao. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada kila mwaka katika sintaksia na semantiki. Sentensi za hojaji hizi zinasomwa kwa sauti katika kliniki za wajawazito na za VVU, na kila moja inastahili uchanganuzi wa kina kama ule unaopewa ubeti wa shairi.